JIWE LA IVUNA LILIFIKA LONDON, WATU WAKE WALIFIKAJE TUNDUMA? Historia ya usafiri wa kuchangia, kutoka chumvi kichwani mpaka bodaboda

"Bado mmoja! Bado mmoja tunaondoka!"

Kama umewahi kukaa kwenye Haisi stendi ukisubiri ijae, unajua kabisa huo ni uongo wa kitaifa. Huyo mmoja huwa ni wanne. Akipatikana wa nne, anatokea mama na gunia la mchele na kuku wawili, naye anabananishwa humo humo. Konda anasema "sogea kidogo dada, safari fupi tu hii", wakati safari yenyewe ni saa nne za vumbi.

Mitandaoni hiyo ni vichekesho, watu wanacheka na kushea. Lakini nyuma ya vichekesho kuna historia nzito sana. Usafiri wa kuchangia, yaani chombo kimoja, watu wasiojuana, kila mtu na nauli yake, ndo umeifanya miji midogo ya nchi hii iishi. Na walioufanya hawana sanamu popote. Hakuna mtaa ulioitwa kwa jina la konda, wala shule ya msingi iliyopewa jina la tanboi.

Leo safari ni ya Ivuna. Twende taratibu.

IVUNA NI WAPI KWANZA?

Ivuna ipo wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe, kwenye bonde la Ziwa Rukwa upande wa kusini. Songwe ni mkoa mchanga, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Tunduma, ule mji wa mpakani ambao wengi wanaujua kwa foleni ya malori ya kwenda Zambia, upo mkoa huo huo, ila ni dunia tofauti kabisa. Tunduma ni juu, baridi, makontena, dola na kwacha. Ivuna ni chini bondeni, joto, mpunga, ufuta, ng'ombe na samaki wa Rukwa.

Kwenye ramani sehemu hizi mbili zinaonekana majirani. Ila ramani haioneshi miteremko ya bonde la ufa, mito inayojaa masika, wala ule udongo mweusi ambao ukilowa unanata mpaka tairi linageuka donge.

Sasa hapo ndo stori inaponoga, maana Ivuna inajulikana duniani kuliko miji mingi mikubwa ya Tanzania. Tarehe 16 Desemba 1938, jioni, kimondo kilianguka huko. Kilikuwa kidogo tu, gramu 705 zilizookotwa, hata kilo moja haifiki. Lakini ni jiwe la aina adimu sana, kiasi kwamba wanasayansi walipotaka kulipa jina kundi lake lote, wakaliita CI. Hiyo I ni Ivuna. Mawe ya kundi hili yana mchanganyiko unaokaribiana sana na ule ambao jua na sayari zilitokana nao. Mwaka 2020 chombo cha Wajapani kilipoleta duniani vumbi la asteroidi ya mbali iitwayo Ryugu, wataalamu walipolipima wakasema: hili linafanana na mawe ya kundi la Ivuna. Kipande kimoja cha jiwe hilo leo kipo Natural History Museum, London.

Umeipata hiyo? Jiwe lilitoka angani, likatua bondeni, likasafiri mpaka Ulaya. Na miaka hiyo hiyo, mtu wa Ivuna aliyetaka kwenda Tunduma alitembea kwa miguu.

Jirani yake, kile kimondo kikubwa cha Mbozi chenye tani kama 16, wenyewe hakijahama. Kipo pale pale, na abiria wa Mbeya kwenda Tunduma wanapita kibao chake kila siku wakiwa wamebanana.

KABLA YA TAIRI KULIKUWA NA CHUMVI

Usidhani watu wa bonde walikuwa wamejifungia wakisubiri basi. Ivuna ina chemchemi za maji ya chumvi. Wanaakiolojia waliochimba hapo miaka ya 1960 walikuta malundo ya vigae vya vyungu na mabaki ya makazi, na vipimo vikaonesha kwamba watu walikuwa wakitengeneza chumvi pale tangu kama karne ya 13. Yaani kabla Vasco da Gama hajafika pwani, Ivuna kulikuwa na kiwanda.

Kazi ilikuwa hivi: udongo wenye chumvi unachujwa kwa maji, yale maji yanachemshwa kwenye vyungu mpaka yanakauka, chumvi inabaki. Kazi ya jua kali na moto mkali kwa pamoja. Halafu mzigo unapandishwa milimani, kwa watu wenye nafaka na majembe lakini hawana chumvi.

Ulipandishwaje? Kichwani. Na hakuna aliyesafiri peke yake, maana njia ilikuwa na simba, mafuriko na wanyang'anyi. Watu walisubiriana mpaka wawe kundi la kutosha, ndo wanaondoka.

Soma tena hiyo sentensi. Walisubiriana mpaka watoshe, ndo wanaondoka. Ile "bado mmoja" ya stendi ina umri mkubwa kuliko gari.

MTENGATENGA, GARI LA KWANZA LILIKUWA MTU

Mwaka 1916, katikati ya Vita ya Kwanza ya Dunia, habari ilibadilika. Mwezi Mei majeshi ya Waingereza yalivuka kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, kuja kuwapiga Wajerumani upande huu. Ukanda wote huu wa mpaka, ikiwemo Tunduma ya leo, ukawa njia ya vita.

Jeshi linahitaji risasi, unga, dawa na mahema. Reli haikuwepo. Ng'ombe na farasi walikuwa wanakufa kwa mbung'o. Kilichobaki ni binadamu. Upande wa Rhodesia wapagazi hao waliitwa watengatenga. Upande wa pwani Waingereza waliwaita Carrier Corps, na jina hilo likageuka kuwa Kariakoo. Ndiyo, Kariakoo ile ile unayoenda kununua viatu.

Hesabu yake inatisha. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama kilo 25. Mpagazi naye anakula, tuseme kilo moja ya unga kwa siku. Kama anabeba chakula, baada ya siku 25 atakuwa amekula mzigo wote mwenyewe, na bado hajaanza kurudi. Kwa hiyo ili unga ufike kwa askari mmoja mbele, ilibidi watu wengi nyuma wabebe unga wa kuwalisha wabebaji wenzao. Ndo maana walichukuliwa vijana kwa maelfu, vijiji vikabaki na wazee, kina mama na watoto. Na wengi waliokufa hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, homa, baridi na njaa.

Vita upande huu iliisha tarehe 25 Novemba 1918, pale kamanda wa Kijerumani alipojisalimisha Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, ng'ambo ya mpaka. Jina lake lipo kwenye vitabu vyote. Majina ya watengatenga, kwa sehemu kubwa, hata hayakuandikwa vizuri kwenye daftari la malipo.

BASI LA RELI LISILO NA RELI

Baada ya vita zilikuja barabara za udongo. Ile ndoto ya Wazungu ya barabara moja kutoka Cape mpaka Cairo ilipita hapa hapa Tunduma, wakaiita Great North Road. Usiifikirie lami. Ilikuwa njia ya vumbi kiangazi na tope masika.

Kitu cha kufurahisha ni kwamba mabasi ya mwanzo ya nyanda za juu kusini yaliendeshwa na shirika la reli. Reli ya kati ilipita mbali, Dodoma na Itigi, hivyo shirika likaweka magari ya barabarani kuunganisha Iringa, Mbeya na sehemu za kusini. Ukikata tiketi unasafiri na "reli", ila chini yako kuna tairi.

Na ndani ya gari watu hawakuwa sawa. Mbele kulikuwa na viti vya daraja la juu kwa wenye nazo, ambao wakati wa ukoloni maana yake ilikuwa rangi ya ngozi. Nyuma kulikuwa na mabenchi, mizigo na vumbi.

Watu wa kawaida hawakusubiri hilo basi. Miaka ya 1930 dhahabu ya Lupa, kule Chunya, ilikuwa imechangamka, na kusini migodi ya shaba ya Rhodesia ilikuwa inavuta vijana. Walitembea wiki nzima, wengine zaidi, wakapita Tunduma, wakavuka. Aliyebahatika alipanda juu ya mzigo wa lori kwa kumlipa dereva chochote alichonacho. Hapo ndipo ulipozaliwa usafiri wa kuchangia wenye injini: lori la mzigo, dereva mwenye huruma au mwenye njaa, na watu wamekaa juu ya magunia.

MBIO ZA JEHANAMU

Tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao wa kibaguzi. Zambia, iliyokuwa na uhuru wa mwaka mmoja tu, ikajikuta imebanwa koo, maana mafuta yake na shaba yake vilitegemea njia za kusini. Mlango uliobaki ukawa Tanzania.

Ghafla ile njia ya vumbi ikabeba nchi nzima. Mapipa ya mafuta yanatoka Dar es Salaam kwenda Zambia, shaba inarudi Dar. Zaidi ya kilomita 900 kufika Tunduma tu, halafu Zambia yenyewe bado. Milima, kona za Kitonga, tope, malori yanapinduka, mapipa yanalipuka. Wageni wakaipa jina, Hell Run, mbio za jehanamu.

Vitabu vinaandika marais na mashirika. Lakini kwenye kila lori kulikuwa na dereva, na pembeni yake tanboi. Kazi ya tanboi ilikuwa kulala chini ya lori kulilinda, kuweka gogo nyuma ya tairi likiwa linapanda mlima na breki hazieleweki, kubadilisha tairi usiku, kupika ugali porini. Lori likianza kurudi nyuma, yeye ndo yupo nyuma. Wengi walikuwa vijana wa umri wa kumaliza shule. Wengi wa waliopata leseni baadaye walijifunzia hapo, kwa kuangalia mguu wa dereva.

Na malori hayo hayo yalibeba abiria wa vijijini. Mwenye kwenda Mlowo, Vwawa, Tunduma, alisimama barabarani akapunga mkono. Kisheria haikuruhusiwa. Kiuhalisia hakukuwa na kingine.

Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA likaanza kazi, na barabara kuu ikaanza kuwekwa lami. Halafu ikaja TAZARA. Reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, ilijengwa na Wachina, Watanzania na Wazambia kuanzia 1970, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Tunduma ikapata stesheni.

Treni ya abiria ya TAZARA ndo ilikuwa daladala ndefu kuliko zote. Ikisimama stesheni ndogo, dirisha linageuka duka. Ndizi, mchele, kuku, vitunguu vinaingia, nguo na sabuni zinatoka. Mama muuza mchele aliweza kusafiri na mzigo wake, akauza stesheni ya tatu, akarudi kesho yake na treni ya upande mwingine. Reli iliyojengwa kwa ajili ya shaba ikawa mkombozi wa mama lishe.

Ila reli haikushuka Ivuna. Bonde lilibaki bonde.

MIAKA YA KUSUBIRI KAMATA

Mwaka 1974 serikali iliigawa kampuni ya mabasi iliyokuwa imetaifishwa mwaka 1970. Jijini Dar ikabaki UDA, safari za mikoani zikapewa KAMATA, Kampuni ya Mabasi ya Taifa. Waulize wazazi na babu zenu, KAMATA wanaikumbuka kwa mambo mawili: kuisubiri na kuisukuma.

Miaka hiyo hiyo ilikuwa ya Operesheni Vijiji. Watu walihamishwa kutoka kwenye makazi ya kutawanyika wakawekwa pamoja, mara nyingi kando ya barabara. Moja ya hoja ilikuwa kwamba huduma zitawafikia kirahisi. Barabara ikawepo mlangoni, gari ndo likawa la kusubiri.

Halafu uchumi ukayumba. Mafuta yakapanda bei duniani, vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ikala fedha za kigeni, vipuri vikaadimika. Basi likikosa kifaa kimoja kidogo linalala gereji miezi. Watu wenye gari binafsi wakaanza kubeba abiria kwa kificho, huku mgambo na polisi wakiwawinda.

Kenya walishapita hapo. Kule matatu, jina lililotokana na nauli ya senti kumi tatu, ziliruhusiwa kwa tamko la rais mwaka 1973. Tanzania ilichukua miaka kumi zaidi. Mwaka 1983 serikali ikakubali kwamba UDA peke yake haiwezi, ikaruhusu watu binafsi kubeba abiria Dar. Nauli ikawa shilingi tano, sarafu ambayo mtaani iliitwa "dala". Makonda wakaimba "dala! dala!" na jina likaganda mpaka leo, ingawa hiyo sarafu vijana wengi hawajawahi kuiona.

Zikaja chai maharage, vile vigari vya bodi ya mbao ambamo abiria walikaa wakitazamana kama wapo mgahawani. Zikaja Haisi, wakaziita vipanya. Zikaja Kosta. Huko mikoani Fuso ikawa mfalme: asubuhi inabeba watu na mbuzi kwenda mnadani, jioni inarudisha watu na masufuria.

MAJINA YANATOKA CHINI

Ukiangalia dunia nzima, usafiri huu haupewi jina na wizara. Unapewa na watu. Haiti kuna tap-tap, vigari vilivyochorwa rangi kali, jina limetokana na abiria kugonga bodi akitaka kushuka. Barbados kuna ZR, jina limetoka kwenye herufi za namba ya gari. Trinidad kuna maxi-taxi, kila ruti na mstari wake wa rangi, kama zile daladala za Dar zenye mistari. Visiwa vidogo katikati ya bahari, miji midogo ya pwani, muziki mkubwa, konda ananing'inia mlangoni. Mtu wa Mbagala akishushwa pale atajua la kufanya bila kuuliza.

Bodaboda nayo ni ya mpakani. Ilianza kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, baiskeli zikivusha watu na mizigo kutoka geti moja mpaka jingine, waendeshaji wakiita "border, border!" Tunduma na Nakonde, Busia na Malaba, hadithi ni ile ile: serikali mbili zinaweka geti, halafu kijana mwenye magurudumu mawili anakula katikati.

KWANINI KONDA ANASEMA "BADO MMOJA"

Hapa watu wengi wanawalaumu makonda bila kupiga hesabu. Chukua mfano wa kubuni tu.

Haisi ya viti 14, nauli 5,000. Kwenda ikijaa ni 70,000. Kurudi inapata nusu, 35,000. Jumla 105,000. Mafuta tuseme 50,000. Hesabu ya tajiri 35,000, hiyo haijadiliwi. Stendi na wapigadebe 5,000. Wanabaki na 15,000, dereva na konda wagawane.

Sasa akiondoka na abiria 10 badala ya 14, amepoteza 20,000. Maana yake siku hiyo hata hesabu haijatimia, wanadaiwa 5,000 na hawajala. Akiongeza watatu wa kubanana, anapata 15,000 ya ziada, yaani pato lao la siku limekuwa mara mbili.

Unaona? Kujaza kupita kiasi siyo tabia mbaya tu. Ni hesabu ya mtu asiye na mshahara. Gari siyo lake, mkataba hana, bima ya afya hana. Na juu yake yupo deiwaka, yule anayeshikiwa usukani kwa saa chache dereva akipumzika, ambaye hata huyo tajiri hamjui kwa sura.

Hiyo haifuti ukweli mwingine: watu wanakufa. Gari ya watu watano ikibeba tisa, tairi likipasuka mteremkoni, haijalishi hesabu ilikuwa nzuri kiasi gani. LATRA na trafiki wakikamata mchomoko, zile gari ndogo kama Probox zinazochomoka bila leseni ya abiria, wana sababu. Lakini kuna swali ambalo faini haijibu: siku ile gari limekamatwa, bibi wa kijiji cha mwisho anasafiri na nini? Mkubwa akiondoa gari bovu bila kuleta zima, amerudisha watu kwenye miguu.

LAMI IKAJA, DARAJA LIKAJA

Mwaka 2008 Marekani, kupitia shirika lake la MCC, ilitia saini mkataba na Tanzania wa kujenga barabara kadhaa, mojawapo Tunduma kwenda Sumbawanga, zaidi ya kilomita 200. Lami ilipokamilika, safari ambayo masika ilikuwa ya kulala njiani ikawa ya saa chache. Abiria wa Sumbawanga akaanza kunywa chai nyumbani na kula mchana Tunduma.

Upande wa bonde, mto Momba ndo ulikuwa geti. Kamsamba upo Songwe, Kilyamatundu ng'ambo upo Rukwa. Mto ukijaa, mikoa miwili inatengana. Watu walivuka kwa mitumbwi, na mitumbwi na mamba siyo marafiki. Daraja la kudumu lilikamilika mwishoni mwa miaka ya 2010, na kwa mara ya kwanza gari la abiria likaweza kupita moja kwa moja bila kumuomba mto ruhusa.

Na Oktoba 2019, Tunduma na Nakonde wakafunguliwa kituo cha pamoja cha mpakani, ili msafiri na mzigo wasikaguliwe mara mbili.

Ila kutoka barabara kubwa kushuka mpaka kijijini, mfalme ni mmoja: pikipiki. Kanuni za mwaka 2010 ziliitambua rasmi pikipiki na bajaji kuwa usafiri wa kulipia, lakini vijijini ilikuwa imeshajitambua yenyewe. Inapita pale ambapo hata Fuso inaomba msamaha. Inabeba gunia la ufuta, kreti la soda, jeneza, mwanafunzi, bati. Na inabeba mama mjamzito.

USIKU WA UCHUNGU

Hapa ndipo utani unaisha.

Uchungu hauchagui siku ya mnada. Unaweza kuanza saa nane usiku, mwezi wa pili, mvua imenyesha wiki nzima. Zahanati inasema huyu apelekwe mbele, anahitaji upasuaji. Zamani jibu lilikuwa machela ya miti na wanaume wanne wa kupokezana. Waliofika walifika. Ambao hawakufika wamezikwa kando ya njia ambazo leo watu wanapita wakisikiliza singeli.

Leo kijana wa bodaboda anaamshwa. Hana mafunzo ya huduma ya kwanza. Anamweka mama katikati, mkunga au mama mkwe nyuma anamshika, wanaondoka na tochi ya simu kwa sababu taa ya pikipiki imekufa. Akifika salama, mtoto anapewa jina. La dereva hakuna anayeuliza.

Kuna hatua imepigwa. Mfumo wa M-mama, ulioanza kwa majaribio Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, unatumia namba 115 ambayo haina malipo. Simu ikipigwa, kama ambulensi haipo karibu, anatafutwa dereva wa jamii, mwananchi wa kawaida mwenye gari aliyesajiliwa, anaenda kumchukua mama au mtoto mchanga na analipwa nauli yake. Angalia vizuri hapo. Baada ya miaka yote ya kuwafukuza, mfumo wa afya umeamua kutegemea watu wale wale ambao wananchi waliwategemea siku zote: jirani mwenye chombo.

WALIOBAKI BILA JINA

Mchemsha chumvi wa Ivuna, mtengatenga wa 1916, tanboi wa mbio za jehanamu, mama wa mchele wa TAZARA, konda wa chai maharage, deiwaka wa Haisi, kijana wa pikipiki. Karne nane, kazi moja: kumtoa mtu pale alipo na kumfikisha anapotaka, kwa bei ambayo wenzake wanaichangia.

Majina yao hayapo kwenye nyaraka, lakini mengi bado yapo vichwani mwa watu. Bibi yako anaweza kuwa anajua nani alikuwa anaendesha lile Fuso la mnada mwaka 1988. Babu anaweza kuwa anajua nani alivusha watu kwa mtumbwi mto ulipojaa. Wazee hao wakiondoka, na majina yanaondoka nao, na hakuna makumbusho ya London yatakayoyanunua.

Kwa hiyo leo jioni piga simu nyumbani, uliza. Halafu rudi hapa chini kwenye maoni, andika: kwenu gari la kwanza la abiria lilikuwa gani, na nani alikuwa anaendesha? Wa Momba, Mbozi, Ileje, Tunduma, anzeni nyie.